Naibu na Mazimwi ya Mwitaliano

Alipoingia dukani kwetu mara ya kwanza alikuwa na fimbo mkononi, akasema amekuja kufanya uchunguzi. Uchunguzi wenyewe ulimchukua karibu miaka miwili. Sijui kama kuna tume ya serikali iliyowahi kulichunguza jambo kwa bidii namna ile, tena bila marupurupu.

Tulimwita Naibu, kwa sababu alikuwa naibu wa mwalimu mkuu katika shule moja ya sekondari pale Malindi, na kwa sababu mwenyewe alipenda kuitwa hivyo. Jina alilopewa na wazazi wake huko bara nililisikia mara moja tu, kinywani mwa mkewe, na kwa namna lilivyotamkwa siku ile naona ni heshima kuliacha lilale.

Duka lilikuwa la aiskrimu, mali ya Mwitaliano mmoja mnene aliyekuja Malindi kwa likizo fupi akasahau kurudi. Mimi nilikuwa kwenye kaunta. Nilichota aiskrimu, nikapokea pesa, nikawahakikishia wageni kwa Kiitaliano cha kuokoteza kwamba naam, ni maziwa ya ng'ombe. Siku moja, miaka ya themanini ikiwa katikati, Mwitaliano alirudi kutoka kwao na kompyuta ndogo, akaiunga na televisheni pembeni mwa duka, ili watoto wa wageni watulie wazazi wao wakila. Mchezo ulikuwa ndani ya kaseti, kaseti kama hizi hizi za taarabu. Ukiitia, inalia kama paka aliyefungiwa ndani ya pipa. Unangoja weee, na mara nyingi malipo ya kungoja ni kuambiwa uanze upya. Lakini siku ikikubali, kinatokea kijitu cha mraba chenye upanga, kinashuka mapangoni, na humo mapangoni mna mazimwi.

Kila ukikutana na zimwi, mchezo unasimama na kukuuliza: utapigana au utakimbia? Unachagua kwa kijiti cha mkono. Ukipigana ukashinda, nguvu zako zinaongezeka. Ukishindwa, unakufa, na paka anaanza kulia tena. Chini kabisa, pango la mwisho, limekaa zimwi kuu lenye vichwa vitatu, na hilo halikimbiliki. Ni hayo tu. Watoto wa Kitaliano walicheza wakachoka, wakaenda kuogelea. Watoto wenye akili.

Naibu alikuja kwa sababu alisikia kwamba wanafunzi wake wanatoroka shule kuja kucheza. Siku ile alimkuta mmoja, kijana wa Mambrui wa kidato cha tatu, mrefu, mpole, kakaa mbele ya televisheni na kijiti mkononi. Naibu hakupiga kelele. Hakuwa mtu wa kelele. Alimgusa bega kwa ncha ya fimbo, akamwambia, "Wewe, simama. Uende nyumbani. Shuleni usirudi." Kijana akasimama, akaniwekea glasi yake ya maji juu ya kaunta, akaenda zake. Ikawa ndiyo hivyo. Naibu alikuwa na sifa ya kutorudi nyuma katika uamuzi, na sifa hiyo aliitunza kama watu wanavyotunza suti ya harusi.

Kisha akabaki amesimama mbele ya ile televisheni. Kijitu cha mraba kilikuwa bado pangoni, na zimwi moja la kijani lilikuwa linangoja jibu.

"Na hii sasa inataka nini?" akaniuliza.

"Inauliza utapigana au utakimbia, mwalimu."

Akafikiri. Akaiegemeza fimbo ukutani. "Wacha nione hiki kitu kinaharibu watoto namna gani," akasema, akaketi.

Kesho yake alirudi. Na kesho kutwa.

Lazima mjue alikuwa mtu wa aina gani, la sivyo hamtaona kichekesho chake. Naibu alikuwa ndiye mtu mzito kuliko wote pwani hii. Sisemi mwili, mwili alikuwa mkavu. Nasema mwendo. Aliendesha baiskeli polepole hata mtu aliyekuwa anatembea kwa miguu ilimlazimu asimame, amsalimie, kisha ampite tena kwa adabu. Akikuamkia, alikuulizia nyumba nzima, mpaka na mbuzi. Akisoma tangazo kanisani, watu walikuwa na nafasi ya kutubu dhambi za juma lililopita na kupanga za lijalo. Na shuleni kwake kukimbia kulikuwa kosa. Mwanafunzi akionekana anakimbia uwanjani nje ya kipindi cha michezo, aliitwa aeleze anamkimbia nani.

Sasa mtu huyo huyo, akishika kile kijiti, aligeuka umeme. Vidole vilikuwa havionekani. Alivua viatu, akavipanga chini ya kiti, akatandika leso juu ya kiti, akaagiza maji ya ndimu yasiyo na sukari. Aiskrimu hakuigusa. Aiskrimu, alisema, ni mambo ya watoto. Aliyasema hayo huku macho yake yakifuata kijitu cha mraba kinachokimbizwa na popo.

Mwezi wa kwanza alipigana na kila zimwi, kama watu wote, akafa kama watu wote. Mwezi wa pili aliliua zimwi la vichwa vitatu, na Mwitaliano akamkumbatia, jambo ambalo Naibu alilivumilia kama mtu anayepigwa sindano. Mtu wa kawaida angeishia hapo. Naibu yeye akanywa ndimu yake, akasema, "Nimechelewa."

"Umechelewa wapi, mwalimu? Saa kumi na moja haijapiga."

"Nimechelewa humu." Akaionyesha televisheni kwa kidevu.

Hapo ndipo ugonjwa ulipoingia. Kumaliza hakukumtosha tena. Alitaka kumaliza upesi, kisha upesi zaidi ya jana, kisha upesi zaidi ya vile binadamu anavyostahili. Alikuwa mwalimu wa hesabu, na aligundua jambo ambalo wachezaji wengine hawakuliona: kila pigano linakupa nguvu, lakini linakula muda, na zimwi kuu halihitaji uwe na nguvu zote za dunia, lahitaji uwe nazo za kutosha tu. Basi akayachagua mazimwi machache ya kupigana nayo, yale manono, na mengine yote akawa anayakimbia. Alikuwa na namna ya kuyaaga. "Mimi sina ugomvi na wewe," aliliambia zimwi, kwa sauti ile ile ya kuwaambia wazazi kwamba karo imepanda, akalipita. "Wewe nawe sina haja nawe. Wewe kaa hapo." Yaani mwanamume aliyewatandika watoto kwa kukimbia uwanjani alijijengea jina Malindi nzima kwa kukimbia.

Muda alijipimia kwa saa ya michezo, ile ya kubonyeza inaanza, ukibonyeza tena inasimama. Ilikuwa mali ya shule. Mwaka ule, siku ya mashindano ya riadha, mwalimu wa michezo aliitafuta saa hiyo kabatini, stoo na ofisini kote, asiione, na mbio zote zikapimwa kwa kukadiria. Nimeambiwa Naibu alitoa hotuba kali siku ile juu ya utunzaji wa mali ya umma. Mchana huo huo nilimwona akiitoa mfukoni mwa shati, akaifuta kwa ncha ya leso, akaibonyeza. Mimi nilikuwa muuza aiskrimu, sikuwa bodi ya shule.

Na mkutano wa wazazi, jamani. Haya nilisimuliwa na shoga yangu aliyekuwa na mwanawe pale. Naibu alisimama kuwaonya wazazi juu ya michezo ya televisheni. Alianza vizuri: inapoteza muda, inaharibu macho, inafundisha ukatili. Wazazi wakatikisa vichwa. Akaendelea: mtoto anashuka pango la kwanza, la pili, na huko pango la pili, wazazi wangu, asipochukua ngao upande wa kulia, hata akifika chini amepoteza bure, kwa sababu lile zimwi linatema moto mara mbili mfululizo kabla ya kupumzika. Baba mmoja wa Kigiriama kutoka mashambani, aliyekuwa nyuma, akauliza kwa heshima zote, "Samahani, mwalimu. Hiyo ngao inachukuliwa kabla ya moto ama baadaye?" Naibu akamjibu. Akamjibu kwa kirefu. Shoga yangu alisema ndilo somo alilolielewa vizuri kuliko yote aliyopata kusikia katika shule ile.

Mkewe alikuwa mama mnene mwenye kicheko, mtu wa bara kama yeye, muuza vitenge sokoni. Kwa muda mrefu aliamini kwamba mumewe ana vikao vya walimu kila alasiri, na alikuwa akimwonea huruma. Siku alipoingia dukani alikuwa na kikapu cha ndizi. Alimtazama mumewe mgongoni, asiye na viatu, akimwambia buibui wa mraba kwamba hana ugomvi naye. Ndipo alipolitamka lile jina. Naibu hakugeuka. Alikuwa amebakiza mapango mawili, na mwendo ulikuwa mzuri.

Nikadhani vita vimeanza. Mama akavuta kiti, akaketi ubavuni mwake, akaniagiza aiskrimu ya nazi. Akala. Akatazama. Zimwi la vichwa vitatu likaanguka, Naibu akabonyeza saa, na hapo ndipo alipogeuka, uso umemparama.

"Hivi ndivyo vikao vya walimu," mama akasema.

"Mama, ngoja nikueleze."

"Usinieleze. Lile la kijani, la pango la tatu. Mbona umelipita?"

"Lile halina faida."

"Halina faida, lakini lilikuwa limekutazama vibaya. Mimi ningelipiga." Akalamba kijiko. "Dada, niongeze nyingine. Huyu atalipa."

Tangu hapo alikuja mara kwa mara. Mumewe akicheza, yeye anakula na kumshauri apigane. Hakumsikiza hata siku moja. Nadhani zilikuwa ndizo saa zao nzuri za ndoa.

Basi ikawa Naibu ndiye mfalme, na Mwitaliano akaandika kwa chaki ubaoni, chini ya bei za aiskrimu, muda wake bora. Kila aliposhusha muda, Mwitaliano alifuta, akaandika upya, akapiga makofi peke yake. Mambo yangekwenda hivyo hadi kiama, kama si mgeni mmoja aliyetoka Kilifi, akausoma ubao, akacheka. Akasema hoteli fulani ya Bofa, kule ufukweni Kilifi, ina kompyuta kama hii na mchezo huu huu, na mhudumu wa baa anaumaliza upesi kuliko hivi huku akichanganya vinywaji.

Nilimwangalia Naibu. Alikuwa anavaa viatu. Alifunga kamba ya kiatu kimoja, akaifungua, akaifunga tena.

"Mwambie aje," akasema.

Mwitaliano aliifurahia habari ile kama mtoto. Meneja wa Bofa alikuwa mwenzake wa karata, kwa hiyo ilikubaliwa kompyuta ya hoteli iletwe Malindi Jumapili baada ya kanisa, pamoja na mhudumu wake, na televisheni mbili ziwekwe sambamba. Habari ikaenea. Jumapili ile duka lilijaa hadi barabarani: wavuvi, walimu, wauza vinyago, wageni waliochomwa na jua, na mzee mmoja wa bodi ya shule aliyesema amepita tu kununua koni ya mjukuu. Alisimama saa nzima na koni mkononi, ikamyeyukia mpaka kwenye kiwiko, na mjukuu hatukumwona.

Mama wa vitenge alikaa mbele. Naibu alivaa kaunda suti iliyopigwa pasi ikasimama yenyewe. Akatandika leso yake, akavua viatu.

Gari la hoteli likafika. Akashuka kijana mrefu, kabeba kompyuta kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mchanga, kavaa shati jeupe la kazi. Watu wakampisha. Akaiweka mezani, akaifuta vumbi, kisha akamgeukia mpinzani wake, akainama kidogo.

"Shikamoo, mwalimu."

Alikuwa yule kijana wa Mambrui.

Naibu aliufungua mdomo. Marahaba ilichelewa, na ilipotoka ilikuwa nyembamba, "Marahaba." Akatazama fimbo yake pale kaunta, kama inayoweza kumshauri. Nami nikajifanya nafuta glasi.

Paka wawili wakalia katika mapipa mawili. Wachezaji wakaanza. Sitawasimulia pango kwa pango. Walikuwa wanafanana, hilo ndilo lililonishtua. Kijana naye alikuwa anayakimbia mazimwi. Naye alichagua yale manono. Alikuwa ameyagundua peke yake Bofa, kati ya glasi na glasi, yale yale ambayo mwalimu wake wa hesabu aliyagundua Malindi. Pango la nne kijana alikuwa mbele. La tano walilingana. Katika pango la mwisho kijana alilivaa zimwi kuu kwanza, lakini alikuwa amepunguza pigano moja njiani ili aokoe muda, na nguvu zikampungukia kidogo sana, akalazimika kupiga mara moja zaidi. Naibu akapita hapo hapo. Kichwa cha tatu kikaanguka upande wake.

Makelele yale, Mola anisitiri. Mwitaliano aliruka akavunja kiti. Wavuvi walimnyanyua Naibu, yeye na soksi zake, na kwa mara ya kwanza na ya mwisho nilimwona akicheka meno yakiwa nje. Kijana akangoja wamshushe. Alipokuwa ameshushwa, akamfikia, akampa mkono.

"Hongera, mwalimu."

"Asante. Asante sana. Na wewe umejaribu sana."

"Mwalimu, nina swali." Hakuinua sauti, ila watu walisogea kumsikiliza. "Siku ile uliponifukuza, ilikuwa ndiyo mara yangu ya kwanza kuingia hapa. Nilikuwa sijalijua hata lile zimwi la kijani linafanya nini. Nilicheza mara moja. Wewe umecheza mara ngapi?"

Ningependa kusema hakuuliza kwa ubaya, lakini nadhani aliuliza kwa ubaya, na alikuwa na haki yake. Kisha akaichomoa kompyuta, akaizungusha waya vizuri, akaibeba kifuani, akarudi garini.

Naibu alivaa viatu bila kufunga kamba. Leso aliisahau kitini. Mkewe ndiye aliyeiokota.

Yaliyofuata nimeyapata kwa huyo mke, aliyeendelea kuja kwa ajili ya aiskrimu ya nazi. Jumatatu asubuhi Naibu aliingia ofisini kwa mwalimu mkuu kabla ya kengele, akairudisha saa ya michezo, akaiweka mezani. Akasema amemfukuza mwanafunzi kwa kosa ambalo yeye amelifanya kila siku tangu wakati ule, na kwamba ama kijana arudishwe, ama yeye naye afukuzwe, kwa sababu hesabu haitoki vingine. Mwalimu mkuu alimsihi aende nyumbani akapumzike. Naibu akakataa. Akaitaka bodi. Mkewe alimwambia, "Baba, kimbia hili. Hili nalo lipite." Akamjibu kwamba hili halikimbiliki.

Bodi ikakutana. Mzee wa koni alikuwepo, na alishtuka kuliko wote kusikia kwamba kuna duka lenye mchezo kama huo. Wakaona kumrudisha kijana ni kukubali kwamba shule ilikosea, na shule haikosei. Wakaona kumfukuza Naibu kutazusha maneno, na maneno ni mabaya kwa karo. Basi wakatumia busara ambayo bodi zimeumbiwa. Wakamsifu kwa utumishi mwema, wakazungumza na wakubwa, na muhula uliofuata akahamishiwa shule moja ya ndani huko Magarini, ambako nguzo za umeme zilikuwa bado ziko kwenye ramani tu. Alipewa hata zawadi ya kuagwa: saa ya ukutani.

Kijana hakurudishwa. Kwa hiyo, ukitazama vizuri, Naibu alijiharibia kazi bila kumfaa mtu. Hivyo ndivyo nilivyoona wakati ule, na nililisema sana pale kaunta, kwa kuwa kulisema hakukuwa na gharama.

Mkewe alibaki Malindi na vitenge vyake, mume akawa anakuja mwisho wa juma. Ila hakuwa anakuja moja kwa moja.

"Jumamosi hafiki nyumbani mpaka jioni," mama aliniambia. "Anapitiliza hadi Bofa kwanza."

"Bofa kuna nini?"

"Si kuna ile mashine."

"Bado?" nikasema. "Baada ya yote?"

"Mwanangu, mimi niliolewa na mwalimu, nikaletewa mashine." Akacheka, lakini kicheko kilikuwa kimepungua chumvi. Nami nilimsikitikia. Mtu kahamishwa porini kwa sababu ya mchezo, na bado kila Jumamosi anapanda gari kutoka Magarini hadi Malindi, na jingine kutoka Malindi hadi Kilifi, kuufuata huo huo mchezo. Nikawaeleza wateja kwamba kuna walevi wa tembo la mnazi na walevi wa mazimwi, na kwamba wa tembo ni nafuu, kwa sababu tembo linapatikana hata Magarini. Watu walicheka. Nilikuwa na maneno matamu miaka ile.

Dukani kwetu kompyuta ilidumu kidogo baada yake, kisha Mwitaliano akaiuza, akanunua mashine ya kahawa, nayo ikawa inalia vibaya zaidi.

Nilimwona Naibu kwa mara ya mwisho mwishoni mwa miaka ile ya themanini, kivukoni Kilifi, kabla daraja halijajengwa, wakati abiria wote walishuka basini wakavuka kwa feri. Nilikuwa nakwenda Mombasa kwa dada yangu aliyejifungua. Asubuhi, jua kali, wauza korosho wanatuzunguka. Nikamwona amesimama kando ya foleni, kaunda suti imefifia magoti, kichwa kimekuwa cheupe. Pembeni yake yule kijana mrefu wa Mambrui na sanduku la bati.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, dada. Hujambo? Watoto? Baba watoto? Mama mzazi?" Akaendelea hivyo, polepole, mpaka wote tukawa wazima. Kisha akamwonyesha kijana kwa kidevu. "Huyu anaenda chuo cha ualimu. Alifanya mtihani wa nje, bila shule, akapita. Nilimwambia achague kazi ya maana, hakusikia."

"Nilimwambia nimezoea kuchapwa," kijana akasema.

"Vuka, usije ukachelewa," Naibu akamwambia. "Na ukifika uandike namba yako vizuri, hiyo nane yako inafanana na tatu. Watakupa kitanda cha mtu." Akampa mkono. Kijana akaupokea kwa mikono yote miwili, akainama, akakaa ameinama kidogo kuliko desturi inavyodai. Naibu akautoa mkono wake, akageuka kunitazama mimi, akiwa na hasira. "Na wewe unangoja nini? Feri haingoji mtu."

Tukapanda. Feri ikaondoka ikinguruma, na maji ya mkono wa bahari yakaanza kututenga na ukingo. Kijana alisimama karibu nami, kakalia sanduku lake nusu, nusu kasimama. Mimi, kwa ulimi wangu ule ule, nikaona nimtanie.

"Maskini mwalimu. Sasa Jumamosi huko Bofa atacheza na nani?"

"Atacheza nini?"

"Mazimwi. Ile mashine ya hoteli."

Akanitazama kama niliyekuwa nimelala muda mrefu. "Ile ilikufa zamani, dada. Iliingia chumvi. Alikuja Jumamosi ya kwanza, tukacheza mara mbili, ikazima, ikawa ndiyo basi. Meneja akaitupa."

"Zamani lini?"

"Miaka miwili na zaidi."

Nikahesabu kimoyomoyo, mimi nisiyejua hesabu. Magari mawili kwenda, mawili kurudi, kila Jumamosi.

"Sasa alikuwa akifuata nini?"

"Tulikuwa tunakaa jikoni kwa wafanyakazi, nikimaliza zamu. Hesabu, fizikia, Kiingereza. Fizikia mwenyewe alikuwa haijui, alikuwa anaisoma juma zima Magarini kwa taa ya chemni ili aje anifundishe." Akaligongagonga sanduku. "Nilimwambia asijisumbue. Akaniambia mimi ni mzito wa kuelewa, nahitaji muda."

Tuligeuka wote wawili. Feri ilikuwa imefika katikati. Kule tulikotoka foleni ilikuwa imekwisha, wauza korosho wametawanyika, basi la kurudi Malindi linapiga honi kuita abiria wake. Naibu alikuwa bado amesimama pale pale ukingoni, mikono nyuma, maji yanamfikia viatu. Basi likapiga honi tena. Hakulitazama.